Kombora Halina Akili, Lina Jicho Tu

Kijiweni kwetu Magomeni vita vya dunia nzima hupiganwa kati ya magharibi na isha, kahawa ikiwa bado ya moto. Juzi mzee mmoja, fundi cherehani, alitutangazia kwamba kombora la siku hizi likishapewa jina lako, umekwisha. "Linakufuata hata chooni." Watu wakaitikia. Mimi nikabisha, na bado nabisha.

Kombora halimjui mtu. Lina jicho moja lililofunzwa kutafuta kitu kimoja: joto, au mwangwi wa rada, au nukta kwenye ramani. Kompyuta yake inajiuliza tena na tena kama shabaha iko kushoto au kulia, juu au chini, kisha inageuza mapezi kidogo. Basi. Roketi ya kawaida haina hata hilo. Wazee waliopigana Vita vya Kagera wanazikumbuka zile za BM-21, mitutu 40 mgongoni mwa lori, ambazo Waganda walizibatiza Saba Saba. Ikishafyatuliwa, hairekebishiki.

Na chenye jicho hudanganyika. Chukua Sidewinder, kombora la Marekani lenye jina la nyoka wa jangwani anayehisi joto la windo lake. Lilianza kupigana mwaka 1958, kwenye Mlangobahari wa Taiwan. Matoleo ya mwanzo ilibidi uyarushe ukiwa nyuma ya adui, yalione bomba la injini yake, na jua likikaa vibaya kombora liliweza kulifukuza jua! Kwa hiyo rubani anayefukuzwa humwaga fataki zenye joto kali, kisha anakata kona. Wahandisi nao wakalinoa jicho litofautishe fataki na injini, wenzao wakaleta leza ya kulipofusha. Mchezo haujaisha.

Baharini hadithi ni tamu zaidi, kama neno tamu linafaa hapa. Oktoba 1967 boti ndogo za Misri ziliizamisha Eilat, manowari ya Israel, kwa makombora ya Styx ya Kisovieti. Miaka sita baadaye, karibu na Latakia, Syria ilirusha Styx zilezile na hakuna lililopata. Waisraeli walikuwa wamejaza anga vipande vyembamba vinavyoakisi rada, pamoja na mawimbi ya kuivuruga, na makombora yakashindwa kujua meli ni ipi.

Yanayoongozwa na setilaiti nayo yana udhaifu wake. Ishara ya GPS inasafiri kilomita 20,000 na ushei, ikifika imechoka. Mimi mwenyewe nikiwa katikati ya maghorofa ya Kariakoo, simu iliwahi kuniambia niko Jangwani, na dereva wa bajaji akanifuata hukohuko. Mwenye mtambo wa kelele za redio anaweza kuizima ishara hiyo na kulipoteza kombora, ingawa mengi yana vipima-mwendo vya ndani vya kuendelea navyo.

Kulidungua kombora kwa kombora kunawezekana, ila ni ghali mno. Kombora moja la Patriot ni mamilioni ya dola, na linaweza kutumwa kuangusha droni ya makumi ya maelfu tu. Kwa maoni yangu, anayetegemea kudungua peke yake atafilisika kabla ya kushindwa.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho, akasukuma kikombe. "Sawa mwanangu, limedanganywa. Sasa linaangukia wapi?"

Nikakwama. Maana mwaka 1982, kwenye vita vya Falkland, manowari za Uingereza zilirusha vile vipande na makombora ya Exocet ya Argentina yakazikosa. Yakapitiliza, yakaiona Atlantic Conveyor, meli ya mizigo isiyokuwa na kinga hiyo. Walikufa watu 12, nahodha akiwemo.

Nilimsimulia hivyohivyo. Akaagiza kahawa nyingine, akasema nilipe mimi.