Mjusi wa Tendaguru: arudi, abaki, au alipiwe ushuru?

Ukitaka kijiwe cha kahawa cha Lindi mjini kichemke, taja mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huku Lindi na Wajerumani na sasa amesimama makumbusho ya Berlin. Simba na Yanga wana siku zao, bei ya korosho ina msimu wake, ila mjusi hana msimu. Kashata haijaisha mkononi, watu wameshagawanyika. Wapo wa "arudi kwao", na wapo wa "aachwe huko huko kwa wanaojua kumtunza". Siku hizi limeongezeka kundi la vijana wa simu, wanaosema ubishi wote huo umepitwa na wakati: mfupa unapigwa picha za pande zote, faili linatumwa Lindi kwa dakika chache, mashine inachapa mjusi mwingine, kesi imekwisha.

Kesi haijaisha, na kwa maoni yangu makundi yote matatu yanabishana na Berlin huku mwenye kujibu swali gumu yuko Dar es Salaam. Lakini tuanze na mjusi mwenyewe.

Mwaka 1906, mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Wilhelm Sattler, wa kampuni iliyokuwa ikitafuta madini Lindi, aliona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji. (Wamwera walikuwa wakipita hapo siku zote, wao hawakuandikiwa tarehe.) Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, akathibitisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaleta msafara wa uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Zaidi ya tani 200 za mifupa ziliondoka. Mwaka 1937 mmoja wao alisimamishwa Berlin: leo ana mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika makumbusho duniani, aliyeishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita.

Tani hizo hazikutembea zenyewe. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Wanaume wa huku walizibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mwaka 1911 waliokuwa kazini walifika kama 500. Plasta ya kufungia mifupa ilipokuwa haba, walipasua mianzi, wakaizungushia mfupa kama mtu anavyofunga mguu uliovunjika, wakakandika kwa udongo ili usisagike njiani. Baadhi ya mizigo ile ya mianzi ilikaa kwenye ghala la Berlin zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa. Hili hulisikii sana vijiweni, na lingepaswa kusikika kabla ya mengine yote: tunabishania mjusi mmoja aliyesimama, wakati nyuma yake kuna ghala zima.

Msimamizi mkuu wa kazi ile upande wa wenyeji alikuwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyefundisha wengine namna ya kuchimbua na kuandaa mfupa bila kuuvunja. Mjusi mkubwa Janensch alimpa jina mwaka 1914, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin. Boheti alisubiri hadi 2007, mjusi mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, aliyebeba jina la Wamwera pamoja na la Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji. Wapo wanaosema majina ni mapambo tu. Mimi nayaona kama ushahidi: wanasayansi wenyewe wamekiri kwa maandishi kazi ile ilifanywa na nani.

Sasa hoja. Upande wa "abaki" huanza na hii: walilipwa, hawakuwa watumwa. Ni kweli, mishahara ililipwa, na wapo waliohamia kilimani na familia zao. Lakini tazama kalenda. Mifupa ilionwa 1906, katikati ya Vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi ambavyo leo viko mkoa huu huu wa Lindi. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa. Wajerumani wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria hufika 250,000 hadi 300,000. Miaka michache baadaye mtu wa eneo lile, aliyetoka kwenye njaa na anayedaiwa kodi kwa fedha taslimu, anaambiwa kuna kibarua Tendaguru. Alilipwa, sawa. Tusiseme tu kwamba alikuwa na nafasi ya kukataa.

Hoja ya pili ni ya kisheria, na hapa upande wa "arudi" huteleza. Watu wengi hutaja Brazili, ambayo mwaka 2023 ilirudishiwa na Ujerumani kisukuku, yaani masalia ya kale yaliyogeuka jiwe, cha dinosaria aitwaye Ubirajara. Kama wao wamepata, sisi je? Tofauti ni kwamba Brazili ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1942 inayosema visukuku ni mali ya taifa. Aliyekitoa alivunja sheria ya nchi huru. Kwetu sheria ilikuwa ya mkoloni mwenyewe. Amri ya mwaka 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola ya Ujerumani, na wakoloni ndio walioamua ipi haina mwenyewe. Kwa hiyo ukienda mahakamani na karatasi, Berlin wana karatasi. Nguvu ya madai yetu iko kwenye swali la nani aliiandika karatasi ile, na swali hilo hujibiwa mezani na wanasiasa, si mbele ya hakimu. Anayewaambia wananchi wa Mipingo, kata yenye kilima cha Tendaguru, kwamba "tutawashtaki na tutashinda" anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna kosa jingine upande huo huo. Tangu Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea, Novemba 2023, akaomba msamaha kwa yaliyofanyika wakati wa Majimaji, mjusi amekuwa akichanganywa na mafuvu ya mababu zetu yaliyopelekwa Ujerumani. Mafuvu ni ya watu wenye wajukuu wanaotaka kuzika. Mjusi hana mjukuu Lindi. Ukiyaweka mambo haya mawili kwenye barua moja, zito linapunguzwa uzito na jepesi, na mwenzako atachagua kujibu lile jepesi.

Nirudi kwa "abaki". Wanasema: bila wao, mifupa ingeoza porini. Haikuwa imeoza kwa miaka milioni 150, lakini tuwape haki yao: kusafisha, kuunganisha na kuchapisha maelezo kuliwachukua wataalamu wale miongo, na elimu hiyo inatumika dunia nzima. Wanasema pia Ulaya ndiko kwenye usalama. Hapo siwafuati. Sehemu ya mifupa ya Tendaguru iliharibika Berlin katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Na wanaposema mjusi ni dhaifu mno kusafiri, wakumbuke alisafiri: mwaka 1984 serikali ya Ujerumani Mashariki ilimfungasha ikampeleka Tokyo kwa maonyesho, akarudi salama. Aliyeweza kwenda Japani kwa ajili ya fedha za kigeni hashindwi na safari ya kuja Lindi kwa sababu ya mifupa yake.

Kinachoweza kumshinda ni pa kufikia. Mita 13 ni kama jengo la ghorofa nne. Sijaona ukumbi Lindi, wala Mtwara, ambao angeingia bila kuinama. Serikali yetu yenyewe imelisema hili kwa namna yake: mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Augustine Mahiga, alieleza kwamba Tanzania haitadai mjusi arudishwe, bali inataka Ujerumani isaidie utafiti na uchimbaji hapa nchini. Kijiweni kauli ile bado inaitwa usaliti. Mimi naona ilikuwa nusu ya hesabu: ilisema tusichotaka, haikusema tunataka kiasi gani, kwa mkataba gani, na kwa nani.

Halafu vijana wa simu. Jioni moja bodaboda mmoja alikuwa akizungusha simu kijiweni, anaonyesha picha ya ukumbi wa Berlin, mjusi kasimama, watoto wa shule chini yake kama sisimizi. "Mwalimu, ona mwenyewe," akamwambia mzee mmoja mstaafu, "hiki tunachapa Lindi hapa hapa, cha plastiki, kikapakwe rangi, hakuna atakayejua." Mwalimu akasogeza miwani. "Na wewe unajua kama hiki hapa ni mfupa mtupu?" Watu wakacheka, wakadhani anatania.

Hakuwa anatania. Mjusi wa Berlin ni mkusanyiko wa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Kichwa anachokibeba ni cha kuigiza. Fuvu halisi limehifadhiwa kando. Pingili za shingo na mgongo nazo zilitengenezewa mfano, kwa sababu zile za kweli ni nzito na dhaifu. Yaani mamilioni ya watu wamepita pale, wamemtazama usoni, wakatoka wakisema wamemwona mjusi wa Tanzania, kumbe uso ule ulifinyangwa Ulaya. Hoja ya vijana, basi, ina mashiko kuliko wazee wanavyokubali. Kama nakala inawatosha Wajerumani kwenye sehemu inayotazamwa zaidi, hakuna sababu ya mtoto wa Nyangamara kuambiwa nakala haina thamani.

Ninapoachana nao ni kwenye neno "kesi imekwisha". Faili lile la picha ni la nani? Atakayelichapa vikombe, michezo ya kompyuta na mijusi ya kuuza madukani atamlipa nani? Mwenye mfupa na faili vyote viwili ni Berlin, na nakala ikija kama zawadi, na picha ya kupeana mikono, itakuwa imetufunga mdomo kwa bei ya plastiki. Teknolojia inapunguza gharama ya kumwona mjusi. Suala la umiliki inaliacha palepale, tena inaliongezea kitu kipya cha kumiliki.

Sasa Dar es Salaam. Tuseme kesho Berlin wanakubali. Meli inatia nanga wapi? Kila mtu huku anajua jibu, ndiyo maana hapendi kuuliza. Mikoa hii miwili ilishaona: gesi ya Songosongo ilifika Dar mwaka 2004, na mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa kilio cha "gesi haitoki" wakati bomba likipangwa, bomba likajengwa, gesi ikatoka. Watu wa Lindi wanaosema "arudi kwao" wana maana ya Lindi. Mwenye kuandika barua kwenda Berlin ana maana ya Tanzania. Hapo katikati kuna kilomita zaidi ya 400 ambazo hatujazijadili.

Nigeria ililipitia hilo waziwazi. Mwaka 2022 Ujerumani ilihamisha umiliki wa sanamu za shaba za Benin zilizokuwa Berlin, zaidi ya 500, na theluthi moja ikabaki kule kwa mkopo wa miaka kumi. Mwaka uliofuata Rais Muhammadu Buhari akatangaza kwamba mwenye sanamu zinazorudi ni Oba, yaani mfalme, wa Benin, na mabishano yakahamia nyumbani: taifa, jimbo, au ufalme? Wapo waliosema ugomvi ule unaonyesha Waafrika hawajawa tayari. Mimi nasema ndio ugomvi wa kawaida wa watu wenye mali.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa anayetaka kunirushia mawe, ni huu. Mjusi mkubwa abaki Berlin kwa sasa, lakini kwa mkopo, umiliki ukiwa wa Tanzania kwa maandishi, kama ule wa sanamu. Mizigo ya ghalani igawanywe, na mijusi midogo inayoweza kuingia kwenye jengo la kawaida, kama Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, ije kwanza, halisi, si plastiki. Nakala ya mkubwa isimame Lindi, na faili lake tulimiliki sisi. Tiketi za Berlin zilipiwe ushuru. Kama korosho haiondoki ghalani bila halmashauri kuchukua chake, sioni kwa nini mjusi asamehewe.

Upinzani mkubwa wa mpango huu sioni ukitoka Ujerumani. Utatoka kwa atakayesema fedha ziingie kwanza mfuko mkuu, ndipo Lindi iombe kwenye bajeti kama wengine. Ana hoja: madini ya Geita na twiga wa Serengeti nao ni wa taifa, na kila wilaya ikidai kilichotoka kwake hatutakuwa na nchi ya pamoja. Lakini kwenye madini sheria ilishakubali kwamba halmashauri inayochimbwa ipate ushuru wa huduma na miradi ya kijamii. Iwekwe hivyo hivyo kwa Tendaguru, na kata ya Mipingo itajwe kwenye mkataba, pamoja na barabara ya kufika kilimani na nafasi za masomo kwa watakaochimba awamu ijayo. Maana kule chini bado kuna mifupa. Waingereza nao walikuja wakachimba kuanzia 1924 hadi 1931, wakaondoka na yao kwenda London, na hao hata kijiweni hatujaanza kuwajadili.