Nyusi Yangu ya Kushoto

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Marekani, mwalimu aliniangalia usoni akasema, "Una nyusi nene. Zitatufaa."

Nikacheka. Kumbe hakuwa anatania. Maabara yetu ilifuga minyoo ya udongoni ya milimita 1. Kupima kama mnyoo anahisi mguso, unang'oa unywele mmoja wa nyusi, unaugandisha kwa supaglu kwenye kijiti cha meno, kisha unampapasa. Mnyoo mzima ukimgusa karibu na kichwa hurudi nyuma. Ukimgusa mkiani hukimbilia mbele. Aliyekosa kimeng'enya kiitwacho MEC-17 yupo tu, kama vile hujafika.

Binadamu tuna ndugu wa kimeng'enya hicho, ATAT1. Ndani ya seli kuna vibomba vya protini ya tubulini, kipenyo nanomita 25, na kazi ya kimeng'enya hiki ni kupachika asetili, kipande kidogo cha kemikali, kwenye lisini namba 40, yaani tofali moja la protini hiyo. Sehemu hiyo iko ndani ya bomba, si nje! Ni kama fundi anayepiga plasta akiwa amejifungia humo humo. Bomba likishapachikwa, linapinda bila kuvunjika ovyo. Fundi mwenyewe alitambuliwa mwaka 2010.

Sasa, waya wa kuhamishia minyoo huwa tunaupitisha motoni kuua vijidudu, na mkono wangu ulishazoea. Nikamgusa mnyoo wa kwanza, nikapeleka kijiti kwenye taa ya spiriti. Chwaa! Chumba kizima kikanuka kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Unywele ulitakiwa kufutwa kwa spiriti tu. Nikang'oa mwingine. Mnyoo wa tatu, chwaa! Kufika saa sita usiku, nyusi ya kushoto ilikuwa kama uwanja wa mpira wa shule ya msingi wakati wa kiangazi.

Jumapili mama akapiga simu ya video. Hata shikamoo hakuipokea.

"Nyusi iko wapi?"

"Nimeing'oa, mama. Mwalimu aliiomba."

Kimya. Mama yangu ni mtu ambaye akitoka saluni anaondoka na nywele zake kwenye mfuko.

"Anazipeleka wapi?"

"Hazipeleki popote. Mimi ndiye nagusia minyoo. Usiku."

Nilipojisikia nikisema hivyo, nikajua nimeharibu.

"Baba Neema! Njoo, mtoto wameshamchukua!"

Ikabidi nieleze yote: vibomba, asetili, lisini. Nikatoa jasho. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na huyo asiye na hicho kitu, ukimgusa?"

"Hashtuki."

Akageuza simu. Baba alikuwa kwenye kochi, macho kwenye taarifa ya habari. Mama akamchoma kidole ubavuni. Akamchoma tena. Akamtikisa bega. Uso wa mama ukarudi kwenye skrini.

"Ukija likizo, njoo na hiyo nyusi iliyobaki. Huku kuna wa kupimwa."