Kodi ya miezi sita au deni la miaka 20?

Mwezi uliopita mwenye nyumba wangu hapa Tabata alinipigia simu kunikumbusha kuwa mkataba unaisha. Kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi na, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam, anapokea ya miezi sita kwa mkupuo: 1,800,000. Nikisema nihame, huko niendako nitadaiwa miezi sita ileile, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Ndiyo maana sisi wapangaji tukiulizwa "Hiyo kodi si bora ulipie nyumba yako?" tunakosa jibu.

Safari hii nililipeleka swali benki. Ofisa wa mikopo alikuwa muungwana, akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Mkopo wa milioni 60, riba asilimia 15 kwa mwaka inayotozwa kwenye deni lililobaki, miaka 20: rejesho ni kama 790,000 kila mwezi. "Sasa tazama hapa, kaka," akasema, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa mwezi wa kwanza. Riba 750,000. Kinachopunguza deni, 40,000.

Nilirudi nyumbani nikaendeleza hesabu. Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa zaidi ya milioni 47, na bado unadaiwa zaidi ya milioni 56. Ukifika mwisho wa miaka 20 umetoa karibu milioni 190 kwa nyumba ya milioni 60. Hapo sijagusa ada ya kushughulikia mkopo, mthamini, mwanasheria, ushuru wa stempu na bima, ambavyo vingi hulipwa kabla hujakabidhiwa funguo.

Riba hiyo haitokani na roho mbaya ya benki moja. Mikopo ya nyumba nchini imezoea kuzunguka asilimia 15 hadi 19, ilhali mfumuko wa bei miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 4. Pengo hilo ni kubwa na lina sababu. Amana za benki nyingi ni za muda mfupi: mtu anaweka leo, anatoa mwezi ujao. Fedha ya namna hiyo haikopesheki kwa miaka 20 bila hofu. Isitoshe, benki yenye fedha ya kukaa muda mrefu inaweza kununua hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa muda maalumu, ambazo kwa miaka mingi zimelipa riba ya tarakimu mbili, ikalala usingizi bila kumfuatilia mdaiwa yeyote. Kampuni ya TMRC, inayozikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, iliundwa mwaka 2010 kuziba upungufu huo wa mtaji wa muda mrefu, miaka miwili baada ya sheria ya mwaka 2008 iliyorahisisha mikopo ya rehani. Imesaidia, maana sasa miaka 20 inapatikana, na hata 25. Lakini mikopo yote ya nyumba nchini haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa.

Hata hivyo, siwezi kumwambia kila mpangaji akimbie mkopo. Nina mfanyakazi mwenzangu, mama wa watoto watatu, aliyehama nyumba mara nne katika miaka mitano. Mara ya mwisho mwenye nyumba alitaka kumpangishia ndugu yake. Alipochukua mkopo tulimwonea huruma kwa ukubwa wa rejesho. Nilipomuuliza juzi kama anajuta, alinijibu kwa utulivu tu: "Wa mwisho anamaliza darasa la saba shule ileile aliyoanzia. Wakubwa zake hawakuipata hiyo." Sina hesabu ya kumpinga.

Na iko hoja nyingine upande wake. Tofauti kati ya rejesho la 790,000 na kodi yangu ni 490,000 kwa mwezi, karibu milioni 6 kwa mwaka. Kwenye karatasi fedha hiyo inanunua kiwanja na kuanza msingi. Kwenye maisha inakwenda kwenye ada, kwenye msiba wa kijijini, kwenye dawa za mzazi. Mkopo unakatwa kabla mshahara haujakufikia, kwa hiyo nyumba inapata haki yake kwanza. Anayejenga kidogo kidogo naye ana hasara zake ambazo hatuzihesabu: anaendelea kulipa kodi huku fedha yake imelala kwenye kuta zisizo na paa. Pitia Chanika au Kivule uone mapagale yenye nyasi hadi dirishani.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kwa wapangaji wengi mjadala huu unaishia mlangoni. Benki inataka mshahara unaopita kwenye akaunti, na kwa kawaida haitaki rejesho lizidi theluthi hadi nusu yake. Kwa kipimo cha theluthi, rejesho la 790,000 linadai mshahara wa karibu 2,400,000 baada ya makato. Mama ntilie anayelipa kodi bila kuchelewa kwa miaka kumi hana karatasi ya kuonyesha. Kisha benki inataka hati ya kiwanja. Viwanja vingi tunavyovimudu pembezoni mwa jiji vinauzwa kwa mkataba wa serikali ya mtaa, wenye mihuri na mashahidi, lakini kiwanja hakijapimwa. Mkataba huo hauwekeki rehani. Kwa hiyo kilicho nafuu hakikopesheki, na kinachokopesheka si nafuu.

Wenzetu Kenya wamechagua njia ya mabavu kidogo. Kwa sheria ya mwaka 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho kugharimia nyumba za bei nafuu, na kampuni yao ya KMRC inazipa taasisi za fedha mtaji ili mnunuzi akopeshwe kwa riba ya chini ya asilimia 10. Malalamiko ni mengi, na yana msingi: kila mwenye mshahara anakatwa, nyumba wanapata wachache. Ila tazama riba inavyofanya kazi. Milioni 60 zilezile, miaka 20 ileile, kwa asilimia 9 rejesho linashuka hadi kama 540,000. Punguzo la 250,000 kila mwezi ni karibu kodi yangu nzima.

Kwa riba tuliyonayo leo, mimi ningekopa ujenzi ukiwa umekaribia mwisho kuliko kuuanza kwa deni. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati, hata kama ni kidogo na kiko mbali, kinunuliwe kwa akiba. Ukuta upandishwe kwa akiba. Mkopo uingie kwenye bati, madirisha na umeme. Milioni 15 kwa miaka minne kwa riba ileile ya asilimia 15 ni rejesho la kama 417,000, na riba yote haizidi sana milioni 5. Anayelazimika kununua nyumba iliyokamilika, kama yule mama, abane muda. Milioni 60 kwa miaka 10 ni 968,000 kwa mwezi. Inauma, lakini jumla ni milioni 116 badala ya 190. Na kabla ya kusaini, aulize mambo mawili: riba ikipanda sokoni, na yangu itapanda? Nikipata fedha nikalipa mapema, nitatozwa faini?

Mimi nimelipa ile 1,800,000. Nina miezi sita mingine Tabata, na Jumamosi hii naenda Kigamboni na mpima ardhi kuangalia kiwanja ambacho muuzaji anasema hati yake iko tayari. Nimemwomba namba ya kiwanja na ya kitalu, nikaitafute kwanza ofisi ya ardhi.