Ile -ed Usiyoisikia Huenda Haikutamkwa

Sina imani na ushauri wa "sikiliza kwa makini" anaopewa mwanafunzi wa Kiingereza kila anapodondosha -ed au -s kwenye imla. Mara nyingi hicho anachotakiwa kukisikia hakikutoka mdomoni mwa msemaji.

Chukua walked. Jicho linaona e na d, ila mdomo unatoa t moja tu. Sasa mtu aseme walked to school kwa kasi ya kawaida: t ya kwanza inamezwa na ya pili, na kinachobaki hakitofautiani na walk to school. Hapo hata mzawa wa London hasikii wakati uliopita. Anaujua kwa sababu habari nzima ni ya jana. Mtahini anayekata alama hapo anapima sarufi. Aipime, ni haki yake, ila asiliite zoezi la kusikiliza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye majina ya vyakula. Ice cream zamani iliitwa iced cream, popcorn ilikuwa popped corn, na skim milk ilitoka kwenye skimmed milk (Waingereza bado wanaing'ang'ania hiyo ndefu). Wenye lugha yao waliacha kuitamka -ed, hatimaye wakaacha hata kuiandika!

Sisi wa Kiswahili tuna mzigo wa ziada. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na sarufi yetu hutangulia: ukisikia "nili-" tu, wakati umeshaujua kabla kitendo chenyewe hakijatajwa. Kiingereza huipeleka habari hiyo mkiani, tena kwenye konsonanti isiyo na irabu ya kuibeba.

Jambo ambalo nadhani lingefundishwa mapema zaidi ni la bad na bat. Mwishoni mwa sentensi, wasemaji wengi huziba pumzi kwa ulimi na kuishia hapo, bila kuiachia d au t ipasuke. Tofauti inahamia kwenye irabu: ya bad huvutwa, ya bat hukatwa. Ndivyo ilivyo kwa seed na seat, bag na back. Ukiivizia konsonanti, utakesha. Can't ya Wamarekani nayo mara nyingi haina t ya kusikika, lakini irabu yake hutamkwa kamili, wakati can katikati ya sentensi husinyaa hadi kubaki kama kn.

Simu ndiyo huharibu kabisa. Laini za kawaida zilitengenezwa kupitisha sauti za takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400, ilhali nguvu kubwa ya s iko juu ya hapo. Ndiyo maana s na f hufanana simuni, na hata wazawa wakitaja jina lao hulazimika kutoa neno la mfano kwa kila herufi. Kwa hiyo usipojua kama umeambiwa book au books, uliza ni vitabu vingapi.