Matatizo ya ulaji: sinia la nyumbani na kitanda cha Bombo

Msichana wa Ngamiani, mjini Tanga, akianza kukonda, watu wa nyumbani hawadhani kwamba ni akili inayougua. Watasema ana vidonda vya tumbo, na yeye mwenyewe hulipokea jina hilo kwa furaha, maana linampa ruhusa ya kuacha pilipili, baadaye mafuta, baadaye tui la nazi, mwishowe wali wenyewe. Siku ugonjwa unapojulikana kuwa ni anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, au bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha, rai ya wengi, wakiwamo baadhi ya watabibu, ni kwamba huo ni wa hospitali kubwa: apelekwe Bombo, hospitali ya mkoa, ikibidi Muhimbili, hospitali ya taifa kule Dar es Salaam, alazwe mpaka apone.

Rai hiyo ina msingi. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi. Mapigo ya moyo hupungua, na anayejitapisha hupoteza potasiamu, madini yanayoendesha mapigo ya moyo, kiasi cha moyo kuweza kusimama ghafla, hata kama umbo lake halionyeshi kukonda. Aliyekaa na njaa muda mrefu naye akilishwa kwa wingi kwa mara moja, fosfeti, madini mengine ya damu yake, hushuka na chakula chenyewe kinaweza kumuua. Hayo hayaonekani kwa macho ya shangazi wala ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Yanataka vipimo vya damu na daktari aliye karibu.

Ila kuokoa maisha ni jambo moja, na kuponya ni jingine. Kati ya mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kupigana vita kwa sababu za imani na wakajitolea kwa utafiti huo. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Jambo zito zaidi ni yaliyowapata akilini: waliwaza chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi, wakarefusha mlo mmoja kwa muda mrefu, wakajitenga na wenzao, wakawa na huzuni na hasira, na baada ya kuruhusiwa kula baadhi yao walikula bila kushiba kwa miezi. Hao walichaguliwa kwa uzima wao wa mwili na akili. Basi sehemu ya kile tunachokiita ukaidi wa binti, ile tabia ya kuukatakata mkate vipande vidogo na kuufokea ulimwengu, ni kazi ya njaa, na njaa haiondolewi kwa nasaha. Dozi ya kwanza ni chakula, nayo hutolewa mara kadhaa kwa siku, kwa miezi mingi. Wodi gani itakaa naye muda wote huo?

Ndiyo maana tiba inayowakabidhi wazazi usimamizi wa milo, iliyoasisiwa katika Hospitali ya Maudsley, London, haianzi kwa kumtafuta mzazi wa kulaumiwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wenye vijana 121, karibu nusu ya waliotibiwa hivyo walikuwa wamepona kabisa mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, dhidi ya takriban robo ya waliopewa ushauri wa mtu binafsi. Na katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2014, vijana waliolazwa majuma matatu tu kisha wakaendelea na tiba ya kutwa huku wakilala kwao hawakupona kwa uchache kuliko waliobaki wodini.

Tanga ina lake la kurekebisha kabla ya kuiga. Sinia la pamoja, ambalo tunalisifu kwa haki, humficha asiyekula: mkono unakwenda na kurudi, na hakuna ajuaye tonge ngapi zimemezwa. Kwa miezi kadhaa mgonjwa atengewe sahani yake, na mtu mmoja akae naye mpaka iishe, na nusu saa baada yake, asiende msalani kujitapisha. Ramadhani ni ngumu zaidi, kwa kuwa funga humpa sababu ambayo hakuna atakayeihoji. Qurani imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, lakini binti huyu hatakubali kuambiwa hivyo na muuguzi. Akiambiwa na ustadhi wake, au na somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, huenda akasikia.

Wapinzani wa tiba hii ya nyumbani wananishinda mahali pawili. Majirani husema, na siri ya binti ikifika kisimani imefika mji mzima. Tena ushahidi wa tiba ya wazazi ni wa vijana; mke wa miaka 30 hawezi kusimamiwa mlo na mama mkwe, na kwa huyo bado ningetaka mshauri anayemwona kila juma, na zahanati ya kumpima uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, ikiwa na maelekezo yaliyoandikwa ya lini apelekwe Bombo siku hiyo hiyo.