Sasa Sijui Nani Atakufa

Rafiki yangu mmoja, msomaji mzuri tu, alinikuta na mkusanyiko wa hadithi fupi za kutisha za vijana, wahusika wakuu wote kwia (yaani wanaopenda wa jinsia yao, au wasiofuata mipaka ya kawaida ya jinsia), waandishi wa rangi na asili mbalimbali. Akaguna: "Siku hizi hata mashetani yametiwa siasa."

Siku hizi! Carmilla, mnyonya damu wa kike anayemtamani msichana mwenzake, alikuwa tayari kitabuni mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Dracula. Hollywood nayo, kanuni za udhibiti zilipokazwa mwaka 1934, ilikatazwa hata kudokeza mapenzi hayo. Yaliyopenya yalipenya kwa sura ya mwovu anayeadhibiwa mwishoni. Wahusika kwia walikuwemo siku zote, ila kama zimwi lenyewe au maiti ya kwanza.

Na hapo ndipo ninapokasirika kama msomaji, achilia mbali kama binadamu. Hadithi ya kutisha bila taharuki ni nini? Ukishamwona shoga mmoja tu katika kundi la vijana wanaoingia kwenye jumba lililohamwa, umeshajua: huyu hafiki katikati ya kitabu. Atakufa kishujaa, wenzake watalia kidogo, kisha mvulana na msichana watakumbatiana kunapokucha. Niogope nini, wakati ratiba ya mazishi nimeshapewa?

Sasa leta kundi ambalo wote ni kwia. Sina tena pa kushika. Mmoja jasiri, mmoja mchoyo, mmoja ndiye aliyemwita pepo makusudi. Atakayekufa atakufa kwa kufungua mlango alioambiwa asiufungue, si kwa sababu ya anayempenda. Na kwa kuwa waandishi ni wengi, ukigeukia hadithi inayofuata unaanza upya: huyu anafyeka wote, yule haui hata paka.

Halafu simu. Hadithi za vijana huhangaika sana kuwaondoa wazazi: mara mtandao hakuna, mara chaji imeisha. Hapa simu ni nzima kabisa. Kitu kinakwaruza dirisha, jina la mama liko kwenye skrini, kidole kiko juu yake, na msichana hapigi, maana akipiga itabidi aseme yuko kwa nani usiku huo. Huku kucha, huku mama. Na mimi niliogopa zaidi huku kwa mama.

Haya, si zote zinazotisha. Kurasa chache zina taabu yake, na wapo waandishi wanaozimaliza kwa kueleza tu mhusika ni nani na anampenda nani, zimwi linaingia mwishoni kabisa kama mgeni rasmi. Tena ile ya zimwi ambalo kumbe ni aibu ya mhusika mwenyewe, jamani wahariri, moja kwa kitabu inatosha. Kwingine kote nipeni lenye kucha na njaa.