Kamati ya harusi inatuzidi nini sisi wa asasi?

Juzi nimeingizwa kwenye grupu lingine la harusi. Mtoto wa jirani anaoa mwezi wa kumi na moja, na kabla sijasoma hata meseji ya kwanza mweka hazina akanipigia, "Shikamoo mama, nikuandike ahadi shilingi ngapi?" Nikasema laki. Jioni ileile jina langu liko kwenye orodha, namba 34, ahadi 100,000, katoa 0. Siku niliyotuma elfu 40 ya kuanzia haikupita nusu saa orodha ikarudi imesahihishwa, katoa 40,000, bado 60,000, na chini yake asante mama kwa moyo wako. Nusu saa tu jamani.

Nimeliwaza sana hilo kwa sababu huu mwaka wa sita nasaidia kutafuta hela kwenye asasi yetu ndogo hapa Morogoro, tunahudumia watoto wenye utindio wa ubongo, mama zao wanawaleta mara mbili kwa wiki kufanya mazoezi ya viungo, na kiukweli kwa miaka mingi hatukuwahi kumjibu mchangiaji ndani ya nusu saa. Wengine hatukuwajibu kabisa.

Tulikuwa tunaishi kwa mradi. Asasi kubwa inapata fedha za Marekani, inatukatia fungu letu, sisi tunaandika ripoti kila robo mwaka, basi, maisha yanaenda. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye tukapata barua pepe ya mistari michache, simamisheni shughuli zote. Wengi tulidhani siku 90 zitaisha mambo yarudi, kumbe ilipofika tarehe 1 Julai mwaka uleule USAID yenyewe, lile shirika la misaada la Marekani, ndiyo ikafungwa. Jumatatu iliyofuata ile barua pepe kina mama 11 walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje na watoto wao, wametoka Kihonda, Mkundi, wawili wametoka Mikese, hawana habari ya amri wala ya Washington, na hela ya kumlipa mtu wa mazoezi tiba haipo.

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba tuna watu.

Tukachapisha stetimenti ya M-Pesa ya miaka miwili nyuma, enzi hizo michango ilikuwa inaingia kwenye namba ya simu ya mwenzetu mmoja, tukaanza kuipitia mstari kwa mstari. Kuna jina likawa linajirudia, kila tarehe 2 au 3 ya mwezi, elfu 5, mara tisa mfululizo, halafu kimya. Nikauliza uliza mpaka nikampata, mama mtu mzima anauza vitenge Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nikamfuata. Nilipojitambulisha akaacha kukunja kitenge, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa natuma, jina linakuja la mtu nisiyemjua, na hakuna aliyewahi kuniambia imefika. Nikajua mmeshapata wazungu, elfu 5 yangu hamna shida nayo."

Elfu 5 mara tisa ni elfu 45, haiendeshi kituo, ila ni mtu aliyetukumbuka miezi tisa na sisi hatukumkumbuka hata siku moja. Nilirudi na lile neno halikunitoka wiki nzima.

Kwa hiyo nikisikia kwenye vikao vya wadau mtu anasema Watanzania hawachangii, wamezoea kupewa, huwa naumia kweli. Watanzania hawa hawa wanaochanga harusi za mamilioni, wanaozika kwa michango, wanaojenga makanisa na misikiti tofali kwa tofali? Majirani zetu Kenya mwaka 2011 wakati wa ule ukame mkali, kwenye kampeni ya Kenyans for Kenya waliweka lengo la shilingi milioni 500 za kwao kwa wiki nne na wakalivuka, na sehemu kubwa ya kilichowezesha ni simu, mtu ametulia kwake anatuma alichonacho. Moyo wa kutoa upo. Tatizo ni sisi tunaopokea.

Angalia kamati ya harusi inavyofanya kazi. Bajeti inatangulia, kadi zinatoka miezi kadhaa kabla, kila mwanakamati ana majina yake ya kufuatilia na anayafuatilia kweli, tarehe ya mwisho inajulikana na kila mtu anajua hela inaenda kwenye ukumbi, chakula, keki, usafiri. Sasa uliza asasi ikuonyeshe mpango wake wa kutafuta fedha, nyingi watakuletea orodha ya tarehe za mwisho za kutuma maandiko ya miradi kwa wafadhili. Huo siyo mpango, hiyo ni ratiba ya wenzako.

Sisi sasa hivi tuna karatasi kubwa ukutani ya miezi 12 na tumeipanga kwa kufuata mifuko ya watu wa hapa. Januari hatumwombi mtu, ada za shule zimemmaliza. Mpunga wa Kilombero ukishavunwa, tunazungumza na wafanyabiashara wa mchele. Wafanyakazi tunawatumia meseji siku mishahara inapotoka, siyo tarehe 15. Ramadhani tunakwenda msikitini mapema kabla mwezi haujaandama, na hapa niseme kitu ambacho asasi nyingi zinakosea, zaka haiendi popote tu, ina makundi yake nane yaliyotajwa ndani ya Qurani, kwa hiyo huwezi kuomba zaka ukalipie pango la ofisi. Sisi tulikaa na imamu kwanza, tukakubaliana zaka iende kwa familia maskini zenyewe, nauli na chakula, mambo mengine yote yaingie kwenye sadaka. Alifurahi kuulizwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza.

Kampuni ni habari nyingine. Nyingi mwaka wao unaanza Januari, maana yake ukipeleka barua Februari unaambiwa bajeti imeshapangwa, na ni kweli imeshapangwa. Peleka Septemba. Halafu watakuuliza kuhusu TRA, yaani mamlaka ya mapato, jiandae, maana kusajiliwa kwa Msajili wa NGO hakukufanyi moja kwa moja kuwa taasisi ya hisani kikodi, ni ombi lingine kabisa na lina nyaraka zake. Ukishatambuliwa, kampuni inayokuchangia inaweza kuuondoa mchango huo kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Hiyo siyo sababu ya mtu kuwa na huruma ila inamrahisishia mhasibu wake kusema ndiyo.

Na tafadhali acheni kutumia namba za watu binafsi. Tukachukua lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, yenye jina la asasi, na hilo peke yake lilibadilisha mambo, mtu anaona jina analolijua kabla hajaweka namba ya siri. Mchango ukiingia tuna binti mmoja kazi yake ni kutuma voisi, siyo meseji ya kunakili, voisi, anamtaja mtu kwa jina na kumwambia wiki hii hela imefanya nini. Siku mtaalamu wetu wa mazoezi alipougua tukafunga wiki mbili, tuliwaambia pia, tukidhani watakata tamaa. Watatu wakapiga simu kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Kitu kimoja cha harusi tumekiacha, kuanika wasiotoa. Ile orodha ya "bado" inawatoa watu jasho, wengine wanakopa ili wasiaibike, na mimi sitaki mtoto wetu akalie kiti kilichonunuliwa kwa aibu ya mtu. Picha za watoto wakiwa wachafu wanatoa udenda nazo tumeacha, mama zao wako kwenye WhatsApp hiyo hiyo, wanaziona.

Lakini kilicho bora kuliko vyote kwenye harusi kwangu mimi ni kikao cha kuvunja kamati. Sherehe imekwisha, maharusi wameshaondoka, bado watu wanarudi, wanakaa, mweka hazina anasoma mapato na matumizi mpaka soda, anayetaka kuuliza anauliza. Sisi hatuvunji kamati, watoto wapo mwakani pia, ila Desemba iliyopita tuliamua tufanye kikao kama hicho, tukaita kila aliyewahi kutuma hata buku. Walikuja 27, tukakaa chini ya mwembe, chai na mihogo, kitabu cha mapato kikawekwa mezani. Mzee mmoja dereva mstaafu akauliza mbona kila kiti maalumu cha mtoto kimekula 180,000, mbao mlinunua wapi? Tukamwonyesha risiti, akatikisa kichwa, akasema bei hiyo mmepigwa, safari ijayo njooni kwangu niwapeleke. Februari alitupeleka.

Mama wa vitenge naye alikuja, maana alirudi kutuchangia tangu Agosti. Akasema anataka kuliona jina lake kwa macho yake. Nikamfungulia ukurasa, akavaa miwani, akashusha kidole taratibu mpaka mwezi wa kumi, akasimama hapo. "Hapa nilituma elfu 7, mwanangu, siyo 5." Tukafungua stetimenti, tukaangalia. Saba kweli. Binti yetu akachukua kalamu, akakata ile 5,000, akaandika 7,000 pembeni, na wote wawili wakasaini.